Moyo wa Mfanya Biashara

Watu wengi wakiulizwa kwa nini hawajaanza biashara hujibu, "Sina mtaji." Jibu hilo lina kweli ndani yake, lakini si kweli yote. Wako waliopata fedha nyingi kwa kuuza shamba au kwa kustaafu kazi, na mwaka haukwisha kabla hazijawaponyoka. Fedha walikuwa nazo. Walichokosa ni moyo wa biashara.

Moyo huo ni upi? Na tumtazame marehemu Bwana Nelson Muguku, mwenyeji wa Kikuyu karibu na Nairobi. Alikuwa mwalimu huko Kapenguria, na mshahara wake ulifika kila mwisho wa mwezi. Mwaka 1957 aliiacha kazi hiyo akaanza kufuga kuku kwa akiba ndogo aliyojiwekea. Alipofariki mwaka 2010 alikuwa tajiri wa kuku na vifaranga, tena mmoja wa wenye hisa nyingi katika Equity Bank.

Mwenye mshahara huhesabu siku 30. Mfuga kuku hana budi kujifunza hesabu nyingine. Yai huatamiwa siku 21, kisha kifaranga hulishwa yapata miezi 5 kabla hajataga yai la kwanza. Muda huo wote fedha hutoka tu, wala haiingii hata senti. Hapo ndipo wengi hushindwa: huwauza mitetea wangali wadogo, au huwapunguzia chakula, nao wakakawia kutaga na hasara ikazidi.

Fedha za mayai zikianza kuingia, huja jaribu la pili. Mtu huona shilingi 500 mkononi, akadhani zote ni faida, akaenda kununua koti. Kumbe 400 kati yake zilikuwa za chakula cha kuku cha juma lijalo! Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi, msomaji, usikimbilie kuacha kazi yako kesho. Anza na kuku wachache nyuma ya nyumba. Nunua daftari, uandike kila kilichoingia na kila kilichotoka, na matumizi ya nyumbani uyaandike mbali. Ukiweza kungoja miezi hiyo 5 pasipo kuula mtaji, jua kwamba moyo huo unao. Usipoweza, ni heri kulijua jambo hilo ukiwa na kuku 10 kuliko ukiwa na kuku 1,000.