Tangi la pili la petroli lawaokolea injini watumiaji wa nitrasi

DEREVA wa mbio fupi za magari nchini Marekani huwa na sekunde chache tu za kuonyesha ubabe wake. Umbali wa jadi wa mashindano hayo ni robo maili, yaani mita 402 za barabara iliyonyooka, na magari yenye nguvu huumaliza kwa chini ya sekunde 10. Injini nzuri huweza kuharibika katika muda uo huo.

Lawama mara nyingi hutupiwa gesi ya nitrasi oksaidi, ambayo madereva wengi huitumia kuongeza kasi. Gesi hiyo, inayojulikana pia kwa madaktari wa meno kama dawa ya kupunguza maumivu, ilipata umaarufu mkubwa kupitia filamu ya The Fast and the Furious ya mwaka 2001. Hata hivyo, kinyume na dhana ya wengi, nitrasi haiwaki. Kazi yake ni kuleta oksijeni.

Asilimia 36 ya uzito wake ni oksijeni, ilhali katika hewa ya kawaida kiwango hicho ni takriban asilimia 23. Wajerumani waliitumia katika baadhi ya ndege zao wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, kwa kuwa hewa ya juu angani ni haba mno. Lakini oksijeni zaidi bila petroli zaidi ni balaa. Joto ndani ya silinda hupanda kupita kiasi, injini huanza kugonga na hatimaye pistoni huyeyuka au kutoboka.

Mafundi wengi hukadiria kwamba kila nguvu-farasi moja huhitaji takriban gramu 230 za petroli kwa saa. Anayetaka nyongeza ya nguvu-farasi 200 kwa sekunde 10 basi atachoma petroli isiyofika robo lita. Kiasi hicho ni kidogo mno, na ndicho huwahadaa wengi wakaridhika na pampu moja. Tatizo ni kwamba petroli hiyo sharti ifike papo hapo, katika wakati ambao injini yenyewe inanyonya mafuta kwa wingi kuliko wakati mwingine wowote. Pampu ikizidiwa, hali huwa kama ya mabomba ya mtaani majirani wote wanapochota maji alfajiri: kila nyumba hupata, lakini hakuna inayotosheka.

Suluhisho ni mfumo wa pili unaojitegemea. Huwa na tangi dogo, mara nyingi la lita nne hivi, chujio, pampu yake ya umeme, kidhibiti cha presha na vali ya umeme inayofunguka pamoja na ile ya nitrasi. Faida nyingine ni kuwa tangi hilo laweza kujazwa petroli ya mbio yenye oktani 110 au zaidi, ambayo ni ghali, huku tangi kubwa likibaki na petroli ya kawaida.

Mahali pa kutoboa tundu la kutolea mafuta pana uzito wake. Gari linapochomoka, petroli husukumwa nyuma, kwa hivyo tundu hilo huwekwa chini, upande wa nyuma wa tangi. Pampu nayo hukaa karibu na tangi na chini yake, kwani pampu nyingi husukuma vizuri kuliko zinavyovuta. Tangi pia lisikose njia ya kupitishia hewa.

Kosa kubwa hufanyika wakati wa kupima presha. Vali ikiwa imefungwa, hata pampu dhaifu itaonyesha namba ya kupendeza kwenye geji. Fundi mwangalifu hufunga mtungi wa nitrasi, akaruhusu petroli ipite kwenye tundu lenye ukubwa ule ule utakaotumika, ikimiminika ndani ya chombo, kisha akarekebisha presha ingali inapita. Kwa injini za kabureta, presha hiyo huwa takriban pauni 5 au 6 kwa inchi mraba. Kazi hii hufanywa nje, injini ikiwa baridi na kizima-moto kikiwa karibu.

Mwisho huja swichi ya presha, kifaa kidogo ambacho wengine hukiona kuwa cha hiari. Huunganishwa na nyaya za vali ya nitrasi na kuitegea presha ya petroli. Ikishuka chini ya kiwango kilichowekwa, umeme hukatika na gesi husita. Dereva atashindwa mbio hizo, lakini ataondoka na injini yake.

Tundu la petroli likibadilishwa ili kuongeza nguvu, kipimo chote hurudiwa upya.