Kipepeo Huyu Ni Mwenye Sumu, au Anajifanya?

Masika yakishakatika, mwezi wa sita hivi, majani bado mabichi na jua limerudi. Huo ndio wakati mzuri wa kutoka mjini ukatembee kando ya mashamba. Karibu popote Afrika Mashariki utakutana na kipepeo wa rangi ya chungwa, ncha za mabawa ya mbele nyeusi zenye mkanda mweupe, anaruka polepole kana kwamba hana adui. Usimpite tu. Huenda ni mmoja kati ya wawili wanaofanana sana, lakini si ndugu wa karibu.

Wa kwanza ni *Danaus chrysippus*. Viwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe kama maziwa, na mingi ya mimea hiyo ina sumu inayovuruga mapigo ya moyo. Kiwavi haimdhuru, anaihifadhi mwilini, na inabaki humo hata akishakuwa kipepeo. Ndege mgeni wa mambo akimla, atatapika. Tangu siku hiyo akiona rangi ile anageuza njia.

Wa pili ni jike la *Hypolimnas misippus*. Huyu hana sumu hiyo. Viwavi wake hula magugu ya kawaida, kama yale ya majani manene yanayotambaa bustanini. Yeye amevaa sare ya mwenzake tu! Na dume lake, kumbe, halifanani naye hata kidogo: ni jeusi, lina mabaka meupe matatu kila upande yaliyozungukwa na rangi ya zambarau. Ukiwaona pamoja huwezi kudhani ni spishi moja.

Sasa utawatofautishaje? Tazama bawa la nyuma. *Danaus* ana madoa meusi matatu au manne karibu na katikati ya bawa. Mwigaji ana doa moja tu, kwenye ukingo wa mbele wa bawa hilo. Basi, hiyo ndiyo siri yote.

Uigaji wa namna hii ulielezwa mwaka 1862 na Henry Walter Bates, Mwingereza aliyekusanya wadudu Amazon kwa miaka 11. Hakuna kipepeo anayeamua kuiga. Majike waliofanana kidogo na wenye sumu waliliwa kidogo, wakazaa zaidi, na kizazi baada ya kizazi mfanano ukakolea. Lakini ujanja huu una kikomo. Fikiria noti bandia: zikiwa chache zinapita, zikizidi kila muuza duka anaanza kukagua, na hata mwenye noti halali anasumbuliwa. Waigaji wakiwa wengi, ndege huonja watamu mara kwa mara, hofu inaisha, na wenye sumu nao wanashambuliwa.

Kwetu kuna utamu zaidi. Baadhi ya *Danaus* wa Kenya na Tanzania hawana ile ncha nyeusi. Bawa la mbele ni chungwa tupu. Na wapo majike wa *misippus* wasio nayo vilevile! Kwa hiyo usitegemee ncha, tegemea madoa.

Toka asubuhi, wakati wanaota jua wakiwa wamekunjua mabawa. Sogea taratibu, kivuli chako kisiwaangukie, piga picha ya bawa la nyuma kwa simu. Ukipata kumi, hesabu wangapi ni wa doa moja. Hapo utaanza kuona noti bandia ni ngapi katika shamba hilo.