Mapazia ya Kupimiwa: Hirfa Inayowafaa Watu wa Hesabu

Miongoni mwa biashara zilizostawi pamoja na kuenea kwa nyumba mpya Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, ni ushonaji wa mapazia ya kupimiwa, nao wastahili kutazamwa kwa makini na kila mhandisi au mpima ardhi aliyechoshwa na ajira, kwa kuwa ni hirfa awezayo kuingia bila ya kuitupa elimu yake.

Kitambaa chenyewe aghalabu hutoka ng'ambo, hasa China, ambako soko la Keqiao mjini Shaoxing ni miongoni mwa masoko makuu ya nguo duniani, na kadhalika Uturuki. Kisha huuzwa kwa mita Kariakoo na Eastleigh. Viwanda vyetu vya nguo, kama Urafiki kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, vilidhoofika, na soko likabaki mikononi mwa waagizaji. Basi auzaye kitambaa kitupu hana siri ya biashara, maadamu jirani yake analo jora lile lile, na mashindano ya bei huimaliza faida yake. Bali faida ya kudumu imo katika kipimo na katika kazi ya mkono.

Na tuchukue dirisha la upana wa sentimita 180. Fimbo hupita sentimita 20 kila upande, ikawa 220. Na ili marinda yakae vyema, kitambaa hakina budi kuwa mara mbili ya fimbo, yaani sentimita 440. Kwa kitambaa cha upana wa sentimita 140, vyahitajika vipande vinne. Na ikiwa kila kipande ni mita 2.7 pamoja na pindo, jumla ni mita 10.8. Lakini kikiwa na maua yanayojirudia kila sentimita 64, kila kipande lazima kikatwe mita 3.2 ili maua yalingane kwenye mishono, na jumla hupanda hata mita 12.8. Fundi aliyetoza bei bila ya kuzihesabu mita hizo mbili amezilipa kwa mfuko wake. Zaidi ya hayo, kuta zetu si zote zilizonyooka, na kwa hiyo dirisha hupimwa juu, katikati na chini. Nidhamu hii mtu wa ufundi huja nayo tayari.

Yaliyobaki hana budi kujifunza kwa subira: namna shela inavyoichuja nuru, bitana inavyokikinga kitambaa na jua lichakazalo hariri na kufifisha rangi, na kwa nini kulabu za chuma hushika kutu upesi katika hewa ya chumvi ya pwani. Humu ndimo sanaa inamozaliwa. Pwani yetu ina urithi wa tarizi, udhihirikao katika kofia za Lamu na Unguja, na fundi awezaye kuuhamishia upindo wa pazia nakshi ya namna hiyo, au kuunganisha vipande vya rangi mbalimbali vikawa picha mbele ya mwanga, huuza kitu kisichopatikana kwenye jora lolote.

Hata hivyo, aachaye mshahara wa kila mwezi na ajue kwamba kazi hizi husongamana kabla ya Idi na Krismasi, kisha hupungua. Kwa hiyo asikinunue kitambaa kabla ya kupokea arubuni, asifunge mtaji wake katika majora, na katika hati ya bei aandike ujira wa kupima, kushona na kutundika mbali na thamani ya kitambaa. Mteja azionaye gharama hizo waziwazi hujifunza kuheshimu kazi ya mkono, na fundi azitozaye bila ya haya hupata njia ya kuwalipa kwa haki wale anaowaajiri nyuma ya cherehani.