Uganda: Shule za Luwero Zapunguza Kiboko

Sisi wafanyakazi tukizungumza juu ya shule za watoto wetu, hutaja ada, madawati na urefu wa njia. Hofu ya mtoto hatuitaji. Lakini mtoto anayekiwaza kiboko hunyamaza hata asipoelewa somo, na kama amelala njaa kwa sababu ujira wa shambani haukutosha, mzigo wake ni maradufu.

Jirani zetu wa Uganda wamelishughulikia jambo hili. Wizara ya Elimu ilikataza kiboko kwa waraka mwaka 2006, na mwaka 2016 sheria ya watoto nayo ikakikataza. Lakini waraka haumnyang'anyi mwalimu fimbo. Kazi yenyewe ilionekana wilayani Luwero, kaskazini ya Kampala, katika mpango wa Shule Njema wa shirika la Raising Voices. Zilichaguliwa shule za msingi 42: 21 zikaanza mpango, 21 zikangoja ili matokeo yalinganishwe. Walimu na wanafunzi waliuongoza mpango pamoja. Watoto waliingia katika kamati, na walimu wakajifunza kumrudi mtoto bila kumpiga.

Baada ya miezi 18 watoto wenyewe waliulizwa. Katika shule zilizongoja, watoto 49 kati ya 100 walisema walipigwa au kuumizwa na mwalimu au mtumishi wa shule katika wiki moja iliyopita. Katika shule za mpango walikuwa 31, na watoto walijiona salama zaidi shuleni. Alama za mitihani hazikupanda, na tunalisema wazi maana hapakosi watu wa kuunadi mpango kama dawa ya kila ugonjwa. Tena 31 bado ni wengi mno. Watoto 434 walieleza mambo mazito hata wakapelekwa kwa watumishi wa ulinzi wa watoto. Wasingeulizwa, nani angejua?

Kwetu mzazi atokaye zamu ya usiku humwona mwalimu kwa nadra, na akimwona humwambia, "Mwalimu, wewe mchape tu." Mwalimu naye ni mfanyakazi, ana darasa lililofurika, na neno hilo analichukua kuwa ruhusa. Kwa hiyo matawi yetu yanapokwenda kuzungumza na mwajiri juu ya mishahara, yadai pia nafasi ya kuhudhuria mikutano ya wazazi bila kukatwa ujira wa siku.