Data Inayopita na Data Inayongoja

Mwaka 1986, Jon Bentley, mwandishi wa safu maarufu katika jarida la Communications of the ACM la Marekani, alimwomba Donald Knuth aandike programu ya kusoma maandishi na kutaja maneno yanayojirudia zaidi. Knuth akaandika kwa Pascal kazi safi iliyochukua, pamoja na maelezo yake, kurasa kadhaa. Doug McIlroy wa Bell Labs, aliyepewa jukumu la kuihakiki, aliisifu, kisha akaonyesha kwamba amri 6 za Unix zilizounganishwa kwa alama ya mstari wima zinamaliza shughuli hiyohiyo.

Amri ya kwanza huweka kila neno kwenye mstari wake, ya pili hugeuza herufi kubwa kuwa ndogo, ya tatu hupanga maneno kialfabeti. Ya nne huhesabu yanayofanana, ya tano hupanga hesabu kuanzia kubwa, na ya sita hukata orodha pale unapotaka. (Usiijaribu kwa Kiswahili bila kuirekebisha: amri ya kwanza inatambua A hadi Z tu, kwa hiyo ng'ombe atachinjwa vipande viwili, "ng" na "ombe".)

McIlroy alikuwa na haki ya kuringa. Tangu 1964 alikuwa akidai programu ziungwe kama mipira ya kumwagilia bustani, na mwaka 1973 Ken Thompson akatia muunganisho huo, unaoitwa bomba (pipe), ndani ya Unix. Kwenye Linux ya leo, bomba la namna hiyo kwa kawaida hubeba baiti 65,536 tu kwa wakati mmoja. Likijaa, mfumo humsimamisha anayeandika mpaka anayesoma apunguze. Ndiyo maana faili la gigabaiti 40 linaweza kuhesabiwa mistari yake kwenye kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 4 bila jasho.

Lakini itazame tena ile amri ya tatu, sort. Haiwezi kutoa hata neno moja kabla ya kusoma la mwisho, maana huenda hilo la mwisho ndilo linalopaswa kutangulia. Data ikiizidi kumbukumbu, huandika mafungu yaliyopangwa kwenye mafaili ya muda, kisha huyaunganisha. Hapa hakuna lugha ya programu ya kukuokoa. Jumla, wastani na namba kubwa kuliko zote hupatikana data ikiwa inapita; kupanga kikamilifu kunalazimu kungoja.

Tofauti ya lugha inaonekana kwenye swali la nani anamwendesha nani. Katika Python, ukiandika for mstari in faili, unaletewa mstari mmoja mmoja; ukiandika faili.read(), unabebeshwa faili zima kwa mkupuo. Neno yield, lililoingia na toleo la 2.2 mwaka 2001, hukuwezesha kuandika kazi (function) inayotoa kitu kimoja, ikasimama palepale, ikasubiri kuitwa tena. Mlaji ndiye anayevuta, kwa hiyo hafurikiwi. Java ilipata mikondo (streams) yake katika toleo la 8, mwaka 2014, nayo ni ya kivivu vilevile: unaweza kupanga filter na map kumi, na hakuna kitakachotendeka mpaka uombe matokeo. Mkondo huo ukishatumika, basi. Ukiurudia unapewa kosa.

Node.js, inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari, ndiyo inayowatesa wengi, kwa sababu huko data mara nyingi husukumwa. Kila unapoandika kwenye mkondo kwa write(), unarudishiwa true au false. Hiyo false maana yake ni: nimejaa, subiri tukio la drain. Tatizo ni kwamba hakuna anayekulazimisha kusubiri. Ukiipuuza, Node inaendelea kupokea na kurundika kila kitu kwenye kumbukumbu. Kwenye kompyuta ya ofisini yenye diski ya kasi, majaribio yanapita yote. Programu inaanguka siku mpokeaji akiwa ni simu iliyo kwenye mtandao wa kusuasua. Njia ya pipe() hushughulikia kungoja huko kwa niaba yako, ila mkondo mmoja ukikatika haifungi mingine, na mafaili hubaki wazi. Kwa hilo iliongezwa pipeline(), katika toleo la 10 la mwaka 2018, na kwa maoni yangu ndiyo ilipaswa kufundishwa kwanza.