Boti ya alumini si mashua ya mbao: Mambo ya kufahamu kabla ya kuifanyia marekebisho

Kusi linapovuma na bahari kuchafuka, vyombo vingi hupandishwa ufuoni kuanzia Tiwi hadi Vanga. Huo ndio msimu wa kalafati, rangi na misumari mipya. Pia ndio wakati ambapo wenye vyombo hupanga mabadiliko makubwa zaidi: injini yenye nguvu, sanduku la barafu, taa za usiku au deki ya kusimamia wakati wa kuvuta nyavu.

Kwa mashua ya mbao, mafundi wetu wa Kwale wana ujuzi walioupokea kutoka kwa wazee wao. Boti ya alumini ni jambo jingine. Bado ni mgeni katika fuo zetu nyingi, na baadhi ya mambo yanayoilinda mbao ndiyo yanayoiharibu alumini. Mtu binafsi, kikundi au chama cha ushirika kinachonunua boti ya namna hii ikiwa imetumika kinaweza kupoteza mtaji wake kwa misimu michache tu. Mzigo ukiwekwa vibaya, kinachopotea si mtaji peke yake.

Makala haya yanaeleza mambo ambayo mwenye boti na fundi wake wanapaswa kukubaliana kabla ya kazi kuanza.

Kwa nini alumini huliwa

Uzuri wa alumini unajulikana. Uzito wake ni takriban thuluthi moja ya chuma cha ukubwa uleule, haiozi, haitobolewi na wadudu wa baharini na haihitaji kalafati. Ikipigwa na hewa hujitengenezea utando mwembamba unaoilinda.

Tatizo huanza inapogusana na madini mengine ndani ya maji ya chumvi. Madini mawili tofauti yakigusana katika maji hayo hufanya kazi kama betri, na yaliyo dhaifu huliwa kidogo kidogo. Mbele ya shaba, shaba nyeupe au chuma cha pua, alumini ndiyo dhaifu. Kwa hivyo:

1. Usipake rangi yenye shaba. Rangi nyingi za kuzuia vinyama kuganda chini ya mashua hutegemea shaba. Kwenye mbao zinafaa, lakini kwenye alumini zinaweza kuitoboa. Soma mkebe au muulize muuzaji, na uchague rangi iliyoandikwa kuwa ni ya alumini.

2. Usitumie mbao zilizotiwa dawa, hasa zile zenye rangi ya kijani. Mara nyingi dawa hiyo ina shaba. Tumia plaiwudi ya boti isiyo na dawa, iliyozibwa vizuri kwa epoksi pande zote, ikiwemo ndani ya matundu ya bolti.

3. Bolti za chuma cha pua zitenganishwe na alumini kwa washa za nailoni au raba, pamoja na gundi ya kuzibia. Usitumie bolti za shaba wala misumari ya chuma cha kawaida.

4. Safisha ngama kila baada ya kazi. Kipande cha waya wa shaba, sarafu au chubwi la risasi likilala katika maji yaliyotuama chini ya boti linaweza kuchimba shimo mahali hapo.

5. Weka vipande vya zinki chini ya maji, vikigusana na alumini moja kwa moja. Kazi yake ni kuliwa badala ya boti. Usivipake rangi, na uvibadilishe vikifika nusu. Kama boti ilikuwa ikitumika ziwani, kagua vilivyopo, kwa sababu vile vya magnesi vinavyofaa maji baridi huisha haraka mno baharini.

Kuchomelea nako kunahitaji tahadhari. Fundi anayechomelea mageti si lazima aweze alumini. Inahitaji mashine yenye gesi ya agoni, na huyeyuka kwa takriban nyuzi 660 za Selsiasi bila kwanza kugeuka nyekundu kama chuma, hivyo fundi asiyeizoea huitoboa kabla hajajua. Mwambie akuonyeshe kazi ya alumini aliyowahi kufanya.

Uzito: pima kabla ya kununua

Kila kinachoongezwa kwenye boti hupunguza kinachoweza kubebwa. Injini ya nguvu farasi 40 inaweza kuwa na uzito wa kilo 70 hadi zaidi ya 100, kutegemea aina. Ongeza petroli, betri, barafu, nyavu zilizolowa, wavuvi wanne na samaki, na utaona jinsi hesabu inavyopanda.

Boti ndogo zilizoundwa kwa soko la Marekani, zenye urefu wa chini ya futi 20, kwa kawaida huwa na kibao kinachoonyesha idadi ya watu, uzito wa juu na nguvu ya juu ya injini. Kama kibao hicho kipo, kifuate na usikibandue. Kama hakipo, usikisie.

Kuna jaribio rahisi ambalo kikundi chochote kinaweza kufanya. Mtungi wa lita 20 uliojaa maji una uzito wa takriban kilo 20. Siku ya maji matulivu, shusha boti mahali pa kina kifupi na utie alama ya chaki ubavuni palipofika maji. Kisha pakia mitungi mahali palepale unapotaka kuweka vifaa vipya: minne au mitano pale tezi kwa injini, kadhaa kwa sanduku la barafu, na mingine kwa uzito wa wavuvi na samaki. Tazama ubavu umebaki juu ya maji kwa kiasi gani, na kama tezi imezama kupita omo. Ukiona wasiwasi katika maji matulivu, fahamu kwamba nje ya mwamba hali itakuwa mbaya zaidi. Jaribio hili halichukui nafasi ya ukaguzi rasmi, lakini linaweza kukuokoa usinunue injini isiyofaa.

Uzito uwekwe chini na katikati. Deki iliyoinuliwa humpa mvuvi nafasi nzuri ya kuvutia nyavu, lakini humpandisha yeye na mzigo wake juu, na boti huanza kuyumba. Sanduku la barafu lifungwe imara ili lisiteleze upande mmoja wimbi linapopiga.

Kosa kubwa kuliko yote ni kutoa povu gumu lililo chini ya deki au viti ili kupata nafasi ya nyavu. Katika boti nyingi ndogo, povu hilo ndilo huifanya ibaki ikielea hata ikijaa maji, na wavuvi wapate mahali pa kushikilia hadi msaada ufike. Likiwa limenyonya maji, litolewe na liwekwe jingine lisilonyonya maji, kwa kiasi kilekile.

Injini na ubao wa tezi

Boti nyingi za alumini zina plaiwudi ndani ya tezi, mahali injini inapofungwa. Hii huoza bila kuonekana kwa nje. Kabla ya kufunga injini, gonga kwa nyundo ndogo na usikilize, kisha shika injini ya zamani na uitikise. Tezi ikicheza au sauti ikiwa ya uwazi, tengeneza hapo kwanza.

Pima pia urefu wa tezi. Injini zenye mguu mfupi hufaa tezi ya takriban inchi 15, na za mguu mrefu takriban inchi 20. Mguu ukiwa mfupi mno, panka huvuta hewa na injini hupiga kelele bila kusukuma. Ukiwa mrefu mno, unapoteza mafuta na kugonga mwamba maji yanapokupwa.

Kamba ya kuzimia injini, inayofungwa mwilini mwa nahodha, iwepo na itumike. Nahodha akianguka majini, injini huzimika papo hapo.

Umeme na taa

Kwenye magari, mwili wa gari hutumika kama waya wa pili wa umeme. Usifanye hivyo kwenye boti ya alumini, kwani umeme unaovuja huila kwa kasi. Kila taa na kila pampu iwe na waya zake mbili hadi kwenye betri, na fyuzi iwe karibu na betri. Betri iwekwe mbali na tangi la petroli.

Kwa safari za usiku, taa nyekundu huwekwa upande wa kushoto na ya kijani upande wa kulia. Boti ya injini yenye urefu wa chini ya mita 12 inaweza kuongeza taa moja nyeupe inayoonekana pande zote.

Nani wa kumwona

Chini ya Katiba, uvuvi ni miongoni mwa majukumu ya kaunti, lakini usafiri wa baharini uko chini ya serikali ya kitaifa. Kwa sababu hiyo, mwenye boti atapitia zaidi ya mlango mmoja.

Anzia kwa BMU ya ufuo wako, ambayo huweka orodha ya vyombo na wavuvi wake. Afisa wa uvuvi katika kaunti ndogo yako atakueleza kuhusu usajili na leseni, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016. Ukaguzi wa usalama wa vyombo vidogo hufanywa na Mamlaka ya Masuala ya Baharini, KMA. Boti iliyobadilishwa injini au umbo si ile iliyokaguliwa mwanzo, kwa hivyo omba ikaguliwe tena kabla ya kurudi kazini, na uhakikishe kila anayepanda ana jaketi ya kujiokoa inayomtosha.

Kina mama, vijana na wengine wanaochangia fedha za chombo kupitia vikundi pia wana haki ya kuuliza. Kabla ya kutia sahihi, uliza boti itabeba uzito gani ikikamilika, nani ataikagua, na rangi gani itapakwa. Fundi anayeijua kazi yake atajibu maswali hayo bila kusita.

Kwa maelezo zaidi, tembelea ofisi ya uvuvi katika kaunti ndogo yako kabla ya kumlipa fundi malipo ya kwanza.