Je, Mti Uliopukutika Umekufa? Mimea katika Majira ya Baridi

Muhula uliopita, katika somo la tafsiri, niliwapa wanafunzi matini fupi kuhusu shamba la mitufaha nchini Uingereza. Mmoja wao aliandika kwamba baridi ilipoingia "miti yote ilikufa". Aya mbili mbele, miti ileile ikachanua na kuzaa. Darasa lilicheka, lakini kosa halikuwa la sarufi. Sisi tunaoishi Uganda, karibu na ikweta, hatujazoea kuona miti ikipoteza majani yote kwa sababu ya baridi. Mfasiri asipokijua kitu chenyewe, kamusi haitamwokoa.

Kwanza tuone jinsi baridi inavyoua. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Barafu ikijitokeza ndani ya seli za mmea, huziharibu, na jua likitoka mmea hulegea na kuwa mweusi. Mnyanya hufa hivyo kwa usiku mmoja tu wa jalidi. Tena, udongo ukiganda, mizizi haipati maji. Basi mmea waweza kufa kwa kiu ilhali umezungukwa na theluji.

Mimea hukabili hatari hiyo kwa njia mbalimbali, na kila njia ina kitenzi chake.

Mimea ya msimu mmoja, kama vile maharage na alizeti, hufa kweli. Kinachovuka baridi ni mbegu. Hapa "kufa" ni sahihi.

Mimea yenye akiba ardhini, kama vile tulipu, hunyauka sehemu ya juu tu. Kitunguu chake hubaki hai chini ya udongo, na theluji ikitanda juu huwa kama blanketi. Ndivyo kilivyo kiazi kikuu chetu: shina lake hukauka, kiazi kikangoja mvua. Basi tuseme "kunyauka".

Mitufaha na mialoni hupukutisha majani. Siku zinapofupika, mti huvuta sehemu ya virutubisho kutoka majanini na kuvihifadhi. Rangi ya kijani hutoweka, kikonyo cha jani huzibwa, na jani huanguka. Matumba ya mwaka ujao huwa yamekwisha kufungwa ndani ya magamba madogo, na sukari huongezeka katika seli ili zisigande upesi. Mti huu umepumzika, haujafa. Mbuyu nao husimama bila majani wakati wa kiangazi, wala hakuna anayeulilia.

Misonobari hubaki na majani yake. Majani hayo ni membamba kama sindano na yamepakwa nta, hivyo hupoteza maji kidogo sana.

Jambo la kushangaza ni kwamba mtufaha huihitaji baridi. Usipopata saa za kutosha za ubaridi, matumba yake hayafunguki vizuri. Ndiyo sababu wakulima wa mitufaha wa Kabale, kusini magharibi mwa nchi yetu, huyaondoa majani kwa mikono ili kuuchochea mti uchanue. Mwanafunzi wetu aliona kifo pale ambapo mkulima wa Kabale anaona maandalizi ya mavuno.

Tahadhari moja zaidi: "kipupwe" ni majira ya ubaridi wa pwani, kati ya Juni na Agosti, wala hakigandishi maji. Kwa matini za Ulaya, "majira ya baridi" yanafaa zaidi.

Kwa hiyo, mwalimu anapofundisha matini ya aina hii, awatake wanafunzi wajibu maswali matatu kabla ya kuandika kitenzi: Ni mmea gani? Ni sehemu ipi iliyokauka? Ni kipi kilichobaki hai? Akishajibu, mwanafunzi atajua kama aandike umekufa, umenyauka, umepukutika au umepumzika. Kiswahili kina vitenzi vyote hivyo. Kazi yetu ni kuvipa mahali pake.